Maswali ya Wasomaji: Shahada Ipi, na Kazi Ipi, Baada ya Sekondari?

Kila matokeo ya mtihani wa mwisho wa sekondari yanapotangazwa, barua za safu hii huongezeka, na nyingi huuliza jambo lilelile kwa maneno tofauti: nisome nini? Safari hii nimechagua barua tano. Majina ya walioziandika tumeyaacha kwa ombi lao, na palipokuwa na maelezo marefu tumefupisha bila kugusa hoja.

Shikamoo Mshauri. Nimemaliza sekondari nikiwa na alama za juu katika biolojia, kemia na hisabati. Wazazi wangu wanataka nisome udaktari, kwa kuwa katika ukoo wetu hakuna daktari, na wanasema alama kama zangu si za kupotezwa kwingine. Mimi navutwa na sayansi ya kompyuta. Ufamasia nimeujaza kama chaguo la tatu ili nisije nikakosa vyote. Biolojia nilikuwa naipenda sana darasani. Nikikaa peke yangu naona zote tatu zinanifaa. Nikikaa na watu naona sijui lolote. Zimebaki wiki tatu za kuthibitisha chaguo. Nifanyeje? — Mwenye Fomu ya Machaguo Matatu

Marahaba, mwanangu. Naanza na sentensi uliyoiandika kama ya kupita tu, kwamba biolojia ulikuwa ukiipenda sana darasani, kwa sababu hapo ndipo wengi hujikwaa. Somo ni kitu kimoja na kazi inayozaliwa na somo hilo ni kitu kingine, na mara nyingi kilichopendwa darasani kilikuwa mwalimu, au raha ya kupata alama, au yale maelezo yaliyopangika ambayo kitabu humpa msomaji bila vurugu za maisha. Hospitalini mgonjwa haji akiwa amegawanywa kwa sura na vifungu.

Kwa hiyo weka kando majina ya shahada kwa muda, uangalie siku moja ya kawaida ya kila kazi. Daktari kijana huanza asubuhi kwa kupita wodini nyuma ya daktari bingwa. Mbele ya kila kitanda hutakiwa aeleze, bila kusoma, mgonjwa alilazwa lini, analalamika nini, vipimo vimeonyesha nini na jana alipewa dawa gani, kisha huulizwa swali ambalo pengine hana jibu lake, mbele ya wenzake na mbele ya mgonjwa mwenyewe. Saa nyingi zinazobaki huishia kwenye maandishi: majalada, fomu za vipimo, barua za rufaa. Mfamasia hupokea cheti cha dawa cha mtoto wa kilo 12, akaona dozi iliyoandikwa ni ya mtu mzima, akasimamisha kila kitu, akampigia daktari simu na kumweleza kwa adabu, lakini bila kuyumba, kwamba dawa hiyo haitoki dirishani mpaka cheti kirekebishwe. Mwandishi wa programu anaweza kukaa kutwa nzima akisoma kazi ya mtu aliyekwisha kuondoka, akitafuta kwa nini jumla inapishana kwa moja, na jioni asiwe na cha kuonyesha ila mstari mmoja uliobadilishwa. Zirudie siku hizo tatu na ujiulize ni uchovu upi kati ya huo unaouweza. Raha za kazi zote hufanana katika vijitabu vya matangazo ya vyuo. Uchovu wake ndio unaotofautiana, nao hautangazwi.

Jambo la pili ni malango. Kuna kazi ambazo shahada ndiyo lango lenyewe, nazo ni zile zinazolindwa kwa leseni na bodi za kitaaluma: udaktari, ufamasia, usanifu majengo na sehemu kubwa ya uhandisi. Huko, kwa kawaida, hakuna kichochoro. Kuna kazi nyingine ambazo shahada ni mojawapo tu ya njia za kuingilia, kama uandishi wa programu, uandishi wa habari, masoko na biashara kwa jumla. Aliyesomea fizikia anaweza kuishia kuwa mwandishi wa programu mzuri sana, na wako wengi. Aliyesomea kompyuta hawezi kuamka siku moja akaanza kumwandikia mtu dawa. Udaktari na ufamasia wako uko upande wa kwanza wa mstari huo, kompyuta iko upande wa pili.

Lango la udaktari pia lina korido ndefu nyuma yake. Katika nchi nyingi mwanafunzi huingia moja kwa moja kutoka sekondari, akasoma miaka 5 au 6, akafanya utarajali ambao mara nyingi ni wa mwaka mmoja, ndipo akapewa leseni kamili. Akitaka ubingwa huongeza miaka kadhaa tena. Nchini Marekani mpangilio ni mwingine, maana huanza na shahada ya kawaida ya miaka 4, ikifuatiwa na chuo cha udaktari cha miaka 4, halafu mafunzo ya ubingwa ya miaka 3 hadi 7 kutegemea fani. Kwa vyovyote vile, daktari bingwa huanza kusimama mwenyewe umri ukiwa karibu na miaka 30 au umekwisha kuipita, wakati mwenzake wa kompyuta ana miaka kadhaa ya kulipwa mshahara. Sikuogofyi. Nataka tu wewe na wazazi wako mhesabu miaka hiyo pamoja, kwa sauti, kabla ya mtu kutia saini.

Utaambiwa, kama hujaambiwa bado, kwamba heri kuanza na udaktari kwa kuwa kutoka huko kwenda kwenye kompyuta ni rahisi kuliko kinyume chake. Hoja hiyo ina ukweli, lakini haina uzito inaopewa. Kwanza, zipo nchi, Uingereza ikiwa mojawapo, ambazo zina njia ya udaktari ya miaka 4 kwa watu wenye shahada nyingine tayari, ingawa ushindani wake ni mkali. Pili, kusoma udaktari kama akiba, ukiwa na nia ya kuuacha, naona ni njia ghali kuliko zote ya kuahirisha uamuzi, na nafasi unayoikalia ni ya mtu aliyeitaka kweli.

Sasa soma tena barua yako mwenyewe. Kuhusu kompyuta umeandika kwamba unavutwa. Kuhusu udaktari umeandika sababu za wazazi, ukoo na thamani ya alama, bila hata neno moja lililo lako. Ufamasia umeuweka kama mwavuli wa mvua. Huenda ni haraka ya kuandika tu, lakini mimi nimesoma barua za namna hii kwa miaka mingi, na mtu hujifichua zaidi katika sababu alizozisahau kuliko katika alizozitaja.

Wiki tatu zinatosha kwa kazi ifuatayo. Tafuta mtaala wa kila shahada, uende moja kwa moja kwenye mwaka wa pili na wa tatu, kwa sababu mwaka wa kwanza huwa na masomo ya utangulizi yanayofanana. Katika sayansi ya kompyuta utakutana na algoriti, yaani hatua zilizopangwa za kutatua tatizo, uwezekano na takwimu, na hisabati nyingi za mantiki. Anayedhani anakwenda kujifunza kutengeneza programu za simu hushtuka hapo, na wewe mwenye alama nzuri za hisabati huenda ukafurahi. Kisha zungumza na watu wawili katika kila kazi, na mmojawapo awe na miaka miwili au mitatu tu kazini, kwani aliyekaa miaka 20 atakusimulia kazi aliyoingia yeye, ambayo sasa haipo tena kwa sura ile. Usimuulize kama anaipenda kazi yake. Muulize jana alifanya nini tangu alipofika hadi alipoondoka.

Wazazi usiwapelekee ukaidi, wapelekee majibu ya watu hao sita. Baba aliyesikia kwamba mwanawe ameketi na madaktari wawili akawauliza maswali ya maana ana sababu ya kuamini uamuzi wake, hata usipokuwa ule alioutaka. Na kama baada ya mazungumzo hayo utajikuta unaipenda ile asubuhi ya wodini, nenda kasome udaktari kwa moyo mmoja. Nitakuwa nimeikosea barua yako, na halitakuwa kosa langu la kwanza.

Mshauri, nilijibu maswali 60 mtandaoni ya kupima mwelekeo wa kazi, nikaambiwa ninafaa kuwa mkutubi. Mimi nilitaka uhasibu! Niamini kipimo au niamini moyo wangu? — Mhasibu Mtarajiwa

Kipimo chako hakijakupinga kama unavyodhani. Vipimo vingi vya aina hiyo vimejengwa juu ya nadharia ya mwanasaikolojia wa Marekani John Holland, aliyoitoa mwaka 1959, inayogawa mielekeo ya watu katika makundi sita: wa vitendo, wa uchunguzi, wa sanaa, wa kuhudumia watu, wa kuongoza na kufanya biashara, na wa utaratibu. Uhasibu ni mfano wa wazi wa kundi la mwisho, na ukutubi nao una sehemu kubwa humo, kwa sababu kazi zote mbili zinahitaji mtu anayeona raha kila kitu kikiwa mahali pake na kikipatikana kinapotafutwa. Kwa hiyo soma kundi ulilowekwa, jina la kazi lipite.

Kumbuka pia kwamba kipimo hicho hupima unachokipenda. Unachokiweza kinapimwa kwingine. Frank Parsons, aliyefungua ofisi ya ushauri wa kazi mjini Boston mwaka 1908, alitaka kijana afanye mambo matatu, yaani ajijue, azijue kazi zilivyo, kisha apatanishe hayo mawili kwa kufikiri. Maswali 60 ya mtandaoni hugusa la kwanza tu, tena kwa juujuu. Ili ulijue la pili, mwombe mhasibu yeyote akuruhusu uketi naye siku za kufunga mwezi, wakati daftari la fedha linapolinganishwa na taarifa ya benki na tofauti ndogo isiyonunua hata kalamu inatafutwa mpaka ipatikane, kwa sababu tofauti ndogo inaweza kuwa makosa mawili makubwa yaliyokaribia kufutana. Ukiona kazi hiyo inakuchangamsha badala ya kukukera, umepata jibu ambalo kipimo hakiwezi kukupa.

Kwa Mshauri. Alama zangu ni za wastani. Nimepata nafasi mbili: stashahada ya ufundi umeme, ambayo niliiomba, na shahada katika fani ambayo sikuiomba ila nimepangiwa kwa sababu ilikuwa na nafasi wazi. Ndugu zangu wanasema shahada ni shahada, na kwamba mwenye stashahada atakuwa mtu wa kutumwa maisha yake yote. Nyumbani mimi ndiye ninayefungua kila kifaa kilichoharibika. — Fundi wa Nyumbani

Hapa sitazunguka, ndugu yangu: chukua stashahada, kwa masharti mawili nitakayoyataja. Shahada uliyopewa haikukuchagua kwa lolote ulilo nalo, na wewe hukuichagua. Mmekutana kwa kuwa kulikuwa na kiti kitupu. Miaka mitatu au minne ndani ya fani ya namna hiyo huzaa mhitimu mwenye cheti na asiye na hamu, na waajiri huitambua hali hiyo katika dakika kumi za kwanza za usaili.

Hilo la kutumwa maisha yote linatokana na kudhani kwamba fundi sanifu ni mhandisi aliyeshindwa. Wahandisi wenyewe hawafikiri hivyo. Makubaliano ya Washington ya mwaka 1989, yaliyoanza na nchi 6, yanahusu kutambuana kwa shahada za uhandisi. Baadaye yakafuata ya Sydney ya mwaka 2001 kwa wanateknolojia wa uhandisi, walio ngazi ya kati, na ya Dublin ya mwaka 2002 kwa mafundi sanifu. Ngazi tatu zilipewa kila moja mkataba wake kwa sababu kila moja ina kazi yake. Mhandisi hukokotoa mfumo utabeba mzigo kiasi gani. Fundi sanifu ndiye anayesimama mbele ya sanduku la umeme na kipimo mkononi, akakuta volti zilizopo si zile za kwenye mchoro, akajua ni waya upi umelegea na ni mchoro upi umekosewa. Mhandisi asiye na mtu wa aina hiyo hujenga makaratasi. Uswisi, ambayo hakuna anayeiita nchi ya walioshindwa, huwapeleka takriban theluthi mbili ya vijana wake kwenye mafunzo ya ufundi na kazi baada ya elimu ya lazima, wakigawa wiki kati ya mahali pa kazi na darasani, na mlango wa kuendelea hadi elimu ya juu huachwa wazi.

Mlango huo ndio unaonileta kwenye masharti. La kwanza ni ithibati: hakikisha, kwa kuiuliza mamlaka inayosimamia vyuo na bodi ya fani yenyewe, kwamba stashahada hiyo inatambuliwa na kwamba itakuwezesha kusajiliwa au kupewa leseni. Usitosheke na neno la chuo, kwa kuwa chuo kinauza. La pili ni ngazi ya kupandia. Uliza ni vyuo vikuu vipi hupokea wenye stashahada hiyo katika shahada ya uhandisi umeme, wanaingia mwaka wa ngapi, na ni masomo gani yanahesabiwa ili yasirudiwe. Jibu likiwa "inawezekana" bila maelezo zaidi, lihesabu kuwa hapana mpaka uone waraka.

Ndugu zako wana haki katika jambo moja, na sipendi kulificha. Sehemu nyingi za kazi, hasa taasisi kubwa zenye madaraja ya vyeo yaliyoandikwa, huweka ukomo ambao asiye na shahada haupiti, hata awe hodari vipi. Utakapoufikia ukomo huo utakuwa na uzoefu na kipato, na pengine mwajiri atakayechangia masomo yako, mradi hisabati usiiache ife. Wengi wanaokwama kupanda kutoka stashahada hukwamishwa na hisabati waliyoisahau, kwa hiyo tenga saa chache kila wiki za kuifanya hata pale ambapo hakuna mwalimu anayeidai.

Ndugu Mshauri, mimi ni mzazi. Kila nikifungua habari naambiwa akili mnemba itafuta kazi hii na ile. Binti yangu anamaliza sekondari mwaka huu na nataka asome fani itakayokuwa bado na soko miaka 10 ijayo. Naomba orodha. — Mzazi Mwenye Wasiwasi

Mzazi mwenzangu, wasiwasi wako nauelewa, lakini orodha ya namna hiyo sitakuandikia, na ningependa umwogope kidogo yeyote atakayekuandikia. Mwaka 2016 Geoffrey Hinton, mmoja wa waasisi wa teknolojia hii na ambaye mwaka 2024 alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia, alisema waziwazi kwamba inafaa kuacha kufundisha madaktari bingwa wa radiolojia, wale wanaosoma picha za eksirei na za mashine nyingine, kwa sababu ndani ya miaka 5, au pengine 10, kompyuta ingewazidi. Miaka hiyo imepita, kompyuta kweli zimekuwa hodari wa kusoma picha, na hospitali bado zinawatafuta madaktari hao. Ilibainika kwamba kusoma picha ni sehemu tu ya kazi yao. Nyingine ni kuamua kipimo gani kifanywe, kuzungumza na madaktari wenzao na kubeba dhamana ya jibu. Ikiwa mtu aliyeijenga mashine alikosea kiasi hicho kuhusu kazi moja, mimi na wewe tutabashiri kazi zote kwa ujasiri gani?

Historia imejaa mifano ya mashine kubomoa upande mmoja na kujenga mwingine. Mashine ya kutolea fedha ilipozinduliwa London mwaka 1967, ilionekana kama mwisho wa makeshia. Nchini Marekani kila tawi likahitaji makeshia wachache zaidi, lakini kufungua tawi kukawa nafuu, matawi yakaongezeka, na kwa miongo kadhaa idadi ya makeshia haikuporomoka. Ilianza kushuka kwa dhati baadaye sana, huduma zilipohamia kwenye simu. Programu ya VisiCalc ya mwaka 1979, ambayo ilihamisha majedwali ya hesabu kutoka kwenye karatasi hadi kwenye kompyuta ndogo, iliwapunguzia kazi makarani wa kujumlisha tarakimu, huku ikiwaongezea kazi wale wa kuuliza tarakimu hizo zina maana gani. Mstari wa kukata haukupita kati ya fani na fani. Ulipita katikati ya fani moja, ukitenganisha sehemu ya kurudiarudia na sehemu ya kuamua.

Kuna mtego mwingine ambao ni wa zamani kuliko akili mnemba, nao ndio ninaouhofia zaidi kwa binti yako: kukimbilia fani kwa sababu mwaka huu inalipa. Mwanauchumi wa Marekani Richard Freeman alieleza katika miaka ya 1970 jinsi soko la wahandisi linavyoyumba kama bembea. Mishahara ikipanda, vijana wengi hujiandikisha; kwa kuwa shahada huchukua miaka minne, wote hutoka kwa pamoja wakati mahitaji yamekwisha kupoa; mishahara hushuka, waliofuata hukimbia fani, na miaka minne baadaye wahandisi hawatoshi. Wanafunzi wa uhandisi wa petroli waliliona hilo kwa macho yao. Katikati ya mwaka 2014 pipa la mafuta liliuzwa kwa zaidi ya dola 100, na Januari 2016 likashuka chini ya dola 30. Aliyeanza masomo mafuta yakiwa juu alihitimu katika soko ambalo kampuni zilikuwa zinapunguza hata wafanyakazi waliokuwapo.

Badala ya orodha, basi, muulize binti yako katika kila fani anayoifikiria ni sehemu gani ya kazi inayofanywa kwa kufuata maelekezo hatua kwa hatua, na ni sehemu gani inayohitaji mtu wa kuamua, kushawishi, kugusa kwa mikono au kuwajibika jambo likiharibika. Fani ambayo masomo yake yanamfundisha sehemu ya kwanza tu ndiyo ya kuitilia shaka, hata kama jina lake linang'aa. Nyingine ni upana: shahada ya hisabati, takwimu, uhandisi umeme au uchumi humwachia mtu njia nyingi za kukunjia, kuliko shahada yenye jina jembamba lililobuniwa juzi kwa ajili ya kazi moja iliyovuma. Majina mapya ya shahada nimeyaona yakichipuka na kunyauka. Mengine hayakumaliza hata mzunguko mmoja wa wahitimu.

Mshauri, niko muhula wa kwanza wa shahada na ninahisi nimekosea fani. Nimekwisha kulipa ada na wazazi wamejinyima. Nivumilie au nihame? — Aliyekwama

Mwanangu, kwanza tenganisha mambo matatu ambayo katika muhula wa kwanza huchanganyika: kuichukia fani, kukichukia chuo, na upweke wa kuwa mbali na waliokuzoea. Mimi mwenyewe nilijaza fomu yangu kwa kumfuata rafiki, na muhula wangu wa kwanza nililaumu masomo kwa kila kitu. Nilipopata watu wa kula nao na kusoma nao, nusu ya lawama iliondoka, na nusu iliyobaki ndiyo iliyokuwa ya kweli. Kipimo chepesi ni hiki: chukua somo lako moja ambalo ndilo moyo wa fani, si la utangulizi, ulisome kwa bidii kamili kwa wiki nne, ukihudhuria kila kipindi na kufanya kila zoezi. Ukilielewa na bado ukalichoka, tatizo ni fani. Ukianza kulipenda, tatizo lilikuwa kutolielewa.

Kuhusu ada, iliyolipwa imelipwa, ubaki au uondoke. Haiwezi kuwa sababu ya kulipa nyingine tatu kama hiyo. Hesabu inayokuhusu ni ya mbele tu: umebakiza miaka mingapi huku, na itakuwa mingapi huko utakakohamia baada ya kuhesabiwa masomo uliyokwisha kufaulu. Uhamisho wa ndani ya kitivo kimoja, kwa mfano kutoka uhandisi wa mitambo kwenda uhandisi wa umeme, mara nyingi hupoteza kidogo sana kwa kuwa mwaka wa kwanza una masomo mengi ya pamoja. Wa kutoka kitivo kimoja hadi kingine unaweza kukurudisha mwanzo kabisa. Kwa hiyo nenda ofisi ya usajili wiki hii, kabla hata ya kuwaambia nyumbani, uulize tarehe ya mwisho ya kuomba kuhama, alama zinazotakiwa, na masomo yatakayohesabiwa. Omba majibu hayo kwa maandishi. Wazazi waliojinyima watakupokea vizuri zaidi ukifika na karatasi hiyo mkononi kuliko ukifika na machozi tu, na kama tarehe ya mwisho iko karibu kuliko wiki zile nne nilizokupa, anza kujaza fomu ya maombi huku ukiendelea na jaribio. Fomu iliyowasilishwa huweza kuondolewa, iliyochelewa haipokelewi.